Mwalimu Mkali na Mwanafunzi Ahamaye

Ziko hoja mbili ambazo sisi walimu huzijadili kila tukutanapo, nazo ni ndugu wa tumbo moja. Ya kwanza ni hii: mwalimu ana haki ya kuwa mkali kiasi gani kwa manufaa ya mwanafunzi wake? Na ya pili: mwanafunzi aonaye kwamba ukali umemzidi, ana haki ya kumwacha mwalimu huyo na kwenda kwingine, au kuondoka kwake ni utoro tu? Wazee wetu wametuachia mithali za pande zote mbili. Wamesema, "Mchelea mwana kulia, hulia yeye", na tena wamesema, "Mkataa pema, pabaya panamwita." Lakini hao hao wamesema, "Hasira hasara." Basi mithali peke yake haimalizi shauri, yatupasa kuyatazama mambo yenyewe.

Nataka tuyatazame mambo haya katika uwanja ulio mbali nasi, yaani mchezo wa mpira wa kikapu katika vyuo vikuu vya Marekani. Nimechagua uwanja huo kwa sababu mbili. Kwanza, huko ukali wa mwalimu hutendeka mbele ya macho ya maelfu ya watu, na habari zake huandikwa. Pili, sheria yao ya kuhama imegeuzwa kabisa katika miaka michache iliyopita. Hata twaweza kuona yaliyotokea mlango ulipokuwa umefungwa, na yanayotokea sasa mlango ukiwa wazi. Ni nadra kupata jambo la adili lililopimwa kwa njia mbili namna hii.

Mchezo wenyewe ulizaliwa mikononi mwa mwalimu. Mwezi wa Desemba 1891, katika mji wa Springfield, jimbo la Massachusetts, James Naismith, mzaliwa wa Kanada aliyekuwa amesoma theolojia, alikabidhiwa darasa la vijana wakorofi katika chuo cha Y.M.C.A. Ilikuwa majira ya baridi. Vijana walikuwa wamechoshwa na mazoezi ya ndani, na walimu waliomtangulia walikuwa wameshindwa nao. Dawa aliyoitafuta Naismith haikuwa fimbo. Alitundika vikapu viwili vya matunda, akaandika sheria 13, akawapa mpira. Yafaa tulikumbuke jambo hilo kabla ya kusema kwamba mchezo huu hauwezi kufundishwa ila kwa makelele.

Sasa tutazame hali ya kijana achezaye. Huwa ana miaka 18 au 20 hivi, naye hupewa na chuo ufadhili wa masomo. Mwalimu wake wa mchezo, ambaye siku hizi twamwita kocha, ndiye aamuaye nani aingie uwanjani na nani akae benchini, na neno lake laweza kumfungulia kijana njia ya kupata riziki au kumfungia. Kwa miaka mingi mambo mawili yaliuongeza uwezo huo. Tangu 1973 ufadhili ulitolewa kwa mwaka mmoja mmoja, na chuo kingeweza kukataa kuuendeleza. Hata 2012 ndipo vyuo viliporuhusiwa tena kuahidi miaka kadhaa. Na mchezaji wa kikapu aliyehama chuo alilazimishwa kwa kawaida kukaa mwaka mzima bila kucheza. Maana yake, chuo kiliweza kumwacha kijana kila mwaka, walakini kijana aliyekiacha chuo alilipa mwaka mmoja wa ujana wake. Kamba ilimfunga mmoja tu kati ya wawili.

Katika zama hizo aliinuka Bob Knight, aliyefundisha katika Chuo Kikuu cha Indiana toka 1971 hata 2000. Haifai kumpunguzia sifa zake. Alitwaa ubingwa wa taifa mara tatu, 1976, 1981 na 1987. Na timu yake ya 1976 ilishinda michezo yote 32, jambo ambalo hakuna timu ya wanaume ya daraja la kwanza iliyolirudia hata leo. Alisifiwa pia kwa kuwa wachezaji wake wengi walimaliza masomo yao. Mike Krzyzewski, aliyecheza chini yake katika chuo cha jeshi huko West Point, alikuja kuwa kocha wa Duke na kutwaa ubingwa mara tano. Lakini hasira ya Knight ilijulikana sawasawa na ushindi wake. Februari 1985, timu yake ikicheza na Purdue, alikamata kiti akakirusha uwanjani mbele ya watu wote. Wengi walicheka, wakasema, "Ndiyo tabia yake."

Kisha ikaja habari ya Neil Reed. Kijana huyu alikaa Indiana miaka mitatu, akahama 1997 kwenda Southern Mississippi. Mwezi wa Machi 2000 alisema hadharani kwamba kocha wake alimshika koo mazoezini. Kocha alikana, na wako waliomwona Reed kuwa mnung'unikaji aliyeshindwa kuvumilia. Mwezi uliofuata ikaonyeshwa kanda ya picha ya mazoezi ya 1997, na mkono wa Knight ukaonekana kooni mwa kijana. Chuo kilimpa kocha onyo la mwisho mwezi wa Mei, na mwezi wa Septemba, baada ya tukio jingine na mwanafunzi, kikamfukuza. Reed alifariki 2012, akiwa na miaka 36. Knight alirudi katika uwanja wa Indiana Februari 2020, baada ya miaka 20, akashangiliwa na watu waliosimama. Naye akafariki Novemba 2023.

Msomaji, tusiharakishe kuhukumu. Wako wanafunzi wengi wa Knight wamshukuruo hata leo. Wasema kwamba aliwafundisha kufikiri, kutojihurumia, na kufanya kazi hata mwisho. Mimi nawasadiki. Lakini yatupasa kuuliza: ushuhuda huu umetoka kwa nani? Umetoka hasa kwa waliobaki na kufaulu. Mtu akivuka mto wenye mamba akafika ng'ambo, husema kwamba mto ulimfundisha kuogelea. Na neno lake ni kweli. Ila hatuwezi kupima wema wa mto kwa maneno ya waliovuka peke yao. Tena hata yule aliyevuka hajui kama asingalijifunza kuogelea vilevile katika maji yasiyo na mamba. Kwa hiyo shukrani ya mwanafunzi ni jambo zuri, bali si ithibati kwamba kila alilotendewa lilikuwa haki.

Je, yako maji yasiyo na mamba? Yako. John Wooden alikuwa mwalimu wa Kiingereza katika shule ya sekondari kabla ya kuwa kocha wa chuo. Alifundisha U.C.L.A. huko California toka 1948 hata 1975, akatwaa ubingwa mara 10 katika miaka 12 ya mwisho. Na timu zake zilipata kushinda michezo 88 mfululizo. Huyu hakuwa mlegevu. Siku ya kwanza ya mazoezi aliwafundisha vijana wakubwa jinsi ya kuvaa soksi na viatu, ili miguu isichubuke. Bill Walton, mchezaji wake mkuu, alipenda kusimulia jinsi alivyokwenda mazoezini na ndevu akidai kwamba ni haki yake. Wooden akamwambia kwa upole kwamba aheshimu watu washikao msimamo wao, na kwamba timu itamkosa. Walton akaenda mbio kunyoa. Hapakuwa na matusi wala mkono juu ya mtu. Palikuwa na sheria, na sheria haikuinama kwa mkubwa wala kwa mdogo.

Wataalamu wawili wa elimu, Ronald Gallimore na Roland Tharp, walikaa pembeni mwa mazoezi ya Wooden katika msimu wa 1974 na 1975, wakiandika kila neno la kufundisha alilolitamka. Walikuta kwamba kama robo tatu ya maneno yake yalikuwa mafundisho: fanya hivi, si hivi, weka mguu hapa. Sifa tupu zilikuwa chini ya saba katika mia; na makaripio matupu vivyo hivyo. Jambo hili latustahili sana sisi walimu. Twapenda kubishana kama mwalimu awe mpole au mkali, kana kwamba kazi yake yote ni kusifu au kukaripia. Kumbe mwalimu aliyeshinda kuliko wote hakutumia muda wake mwingi kwa lolote kati ya hayo mawili. Alifundisha. Pengine mara nyingi twakaripia kwa sababu hatujui la kufundisha.

Hapo ndipo yatupasa kutenganisha ukali na ukatili. Ukali huelekea tendo: "Umeliacha lango lako, rudi." Ukatili huelekea nafsi: "Wewe si kitu." Ukali humwonyesha mwanafunzi njia ya kutoka katika kosa, ukatili humfungia ndani yake. Ukali waweza kufanywa mbele ya wazazi wa kijana bila haya. Ukatili hupenda milango iliyofungwa. Na alama kubwa kuliko zote ni hii: ukali hukoma haja yake inapokwisha, bali ukatili huendelea, maana haja yake ilikuwa moyoni mwa mtendaji mwenyewe.

Mfano wa ukali uliobishaniwa sana ni ule wa Tom Izzo, kocha wa Michigan State tangu 1995. Mwezi wa Machi 2019, katika mashindano ya taifa, alimkemea kijana wa mwaka wa kwanza, Aaron Henry, kwa hasira nyingi, hata wachezaji wengine wakamzuia. Watu wengi walimlaumu walipoiona picha. Lakini Henry mwenyewe alimtetea. Timu ikafika katika nne za mwisho. Na kijana akabaki katika chuo kile hata 2021. Siwaambii kwamba kila neno la Izzo siku ile lilikuwa jema. Nasema kwamba kijana aliyekemewa alikuwa na sababu ya kujua kwamba kemeo lile lilikuwa juu ya mchezo wake, na kwamba aliyemkemea hakuwa amemtupa. Mtu mmoja aweza kusikia katika sauti kubwa mapenzi, na mwingine dharau. Wala hawasikii vibaya, maana kilichokuja kabla ya sauti ile ndicho huipa maana.

Sasa tugeukie hoja ya pili, yaani kuhama. Watu husema upesi kwamba ahamaye ni mwoga. Basi tumtazame Larry Bird. Mwaka 1974 alijiunga na Indiana, chini ya Knight yuyo huyo, akaondoka kabla hata msimu haujaanza. Hakupigwa wala hakutukanwa. Alikuwa mtoto wa mji mdogo wa French Lick, maskini, naye aliona chuo kile chenye maelfu ya wanafunzi kuwa ni kikubwa mno kwake. Alirudi kwao akafanya kazi za mji, pamoja na ile ya gari la taka. Kisha akaingia chuo kingine kidogo zaidi, Indiana State, akingoja zamu yake ya kucheza. Mwaka 1979 aliifikisha timu hiyo katika mchezo wa mwisho wa ubingwa ikiwa haijashindwa hata mara moja, ingawa siku hiyo ilishindwa na Michigan State ya Magic Johnson. Baadaye alitwaa ubingwa mara tatu pamoja na Boston Celtics. Je, huyu alikuwa mwoga? Hasha. Mche uliooteshwa mahali pasipoufaa si mche mbaya, wala udongo ule si mbaya. Ni kwamba haukuwa wake.

Kwa hiyo kuondoka kwaweza kuwa haki pasipo yeyote kuwa na hatia, kama kwa Bird. Na kwaweza kuwa kuponyoka, kama kwa Reed. Lakini kwaweza pia kuwa kukimbia kazi. Na hili la tatu ndilo linalowasumbua wengi leo, maana mlango umefunguliwa. Mwezi wa Oktoba 2018 chama kinachosimamia michezo ya vyuo, NCAA, kilianzisha daftari ambamo mchezaji aandika jina lake bila kuomba ruhusa ya kocha. Mwaka 2021 mchezaji aliruhusiwa kuhama mara moja bila kukaa mwaka mmoja nje. Mwaka huo huo akaruhusiwa kupokea fedha kwa matumizi ya jina na sura yake. Mwaka 2024, baada ya kesi mahakamani, waliruhusiwa kuhama mara nyingi, mradi masomo yao yawe sawa. Na tangu Julai 2025 vyuo vyenyewe vyaweza kuwalipa wachezaji. Katika majira ya kuchipua ya 2025 wachezaji zaidi ya 2,000 wa kikapu wa wanaume, katika vyuo zaidi ya 350 vya daraja la kwanza, waliandika majina yao katika daftari lile.

Matokeo yana sura mbili. Sura ya kwanza ni nzuri: kocha ajua kwamba kijana aweza kuondoka, naye hulazimika kufikiri kabla ya kunyanyua mkono au kutoa tusi. Anayebaki sasa amebaki kwa hiari. Basi ukali aupokeao ameukubali, na ukali uliokubaliwa si sawa na ule uliotiwa kwa nguvu. Sura ya pili ni ya hatari: mwalimu aogopaye kupoteza wanafunzi huanza kuwauzia maneno matamu. Hawakosoi tena, awabembeleza. Na kijana akemewaye leo, kesho huhama. Na kule aendako akikemewa, huhama tena. Mpaka miaka minne imekwisha, naye amekuwa mgeni kila mahali. Yako mambo ambayo hayafundishwi katika msimu mmoja. Wooden mwenyewe hakupata ubingwa wake wa kwanza ila katika msimu wa 16 chuoni pale. Papo kwa papo kamba hukata jiwe. Lakini kamba ihamishwayo kila siku hadi jiwe jingine haikati lolote.

Makocha wengi walalamika kwamba vijana hawana tena uaminifu. Hapa sharti tuwe wakweli. Makocha wamekuwa wakihama tangu zamani, na hakuna aliyewalazimisha kukaa mwaka bila kufundisha. John Calipari aliiacha Kentucky Aprili 2024, baada ya miaka 15, akaenda Arkansas. Na baadhi ya vijana wa Kentucky wakamfuata. Simlaumu kwa hilo. Ni haki yake kutafuta kazi apendapo. Lakini mtu mwenye haki hiyo hawezi kuliita tendo lile lile usaliti likifanywa na kijana wa miaka 19. Uaminifu ni kamba ya ncha mbili. Ukiulilia, onyesha kwanza ncha iliyo mkononi mwako.

Wala tusidhani kwamba mlango wazi watosha. Huko Rutgers, kocha Mike Rice alipigwa picha mazoezini akiwatupia wachezaji mipira, akiwasukuma na kuwatukana. Wakubwa wa chuo waliiona picha hiyo mwishoni mwa 2012, wakamtoza faini na kumzuia michezo mitatu tu. Alifukuzwa Aprili 2013, watu wote walipokwisha kuiona. Mlango humwokoa atokaye, haumlindi abakiye. Kwa hiyo haki ya kuhama haiondoi wajibu wa wakuu kuyachungulia yatendekayo ndani.

Sisi wa Afrika Mashariki nasi tuna fungu letu katika habari hii. Hasheem Thabeet, mzaliwa wa Dar es Salaam, alicheza Connecticut toka 2006 hata 2009, chini ya Jim Calhoun, kocha ajulikanaye kwa ulimi mkali, aliyetwaa ubingwa mara tatu. Thabeet alifika akiwa mrefu kuliko alivyokuwa stadi, maana alianza mchezo akiwa amekwisha kuwa kijana. Alikaa miaka mitatu. Katika 2008 na 2009 alitajwa kuwa mlinzi bora wa ligi yao. Timu ikafika katika nne za mwisho za 2009. Naye akachaguliwa wa pili katika nchi nzima, akawa Mtanzania wa kwanza kucheza katika N.B.A. Sisemi kwamba ukali ndio uliomwinua. Wala sisemi kwamba angalihama angalipotea. Nasema tu kwamba muda ulikuwa mmoja wa walimu wake. Na wazazi wetu waagao wana wao uwanja wa ndege, wakienda kwa makocha wasiowajua, wana haki ya kuuliza si tu kama kocha yule hushinda, bali pia huwatendaje wale ambao hawamsaidii kushinda.

Basi tuhitimishe. Ukali wa mwalimu ni haki ukitimiza mambo matatu: uelekee kazi, si nafsi, aupokeaye awe na njia ya kutoka bila kuadhibiwa, na aufanyaye awe amejifunga kwa mwanafunzi kama anavyotaka mwanafunzi ajifunge kwake. Likikosekana la kwanza, ni ukatili. La pili, ni utumwa. La tatu, ni biashara. Na kijana atakaye kuhama ajiulize maswali matatu: Je, nakimbia dharau au nakimbia kazi? Je, nimekwisha kujifunza lile ambalo mahali hapa paweza kunifundisha? Na je, niendako naenda kwa sababu ya jambo lililoko kule, au kwa sababu ya hasira ya jana tu? Akijibu kwa kweli, aende au abaki, hakuna mtu wa kumwita mtoro.

Nasi walimu, tuendao asubuhi kwenye darasa ambazo watoto wake wengi hawana pengine pa kwenda, tusijisifu kwamba hawajatuhama. Mlango ukiwa umefungwa, kubaki kwao hakutuambii neno lolote juu ya mafundisho yetu. Tufundishe hivi: kwamba mlango ungalifunguliwa kesho, wengi wao wangalikaa.